Maswali ya Mfamasia

Katika soko la Shahe nilijifunza kwamba mkalimani anayetafsiri kila kitu haitwi mara ya pili. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kimoja cha Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, na Kichina changu, ambacho nilikitolea jasho mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa somo lingine lolote, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuwafaa watu wa nyumbani. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja walikuwa wameanza kufika, mmoja mmoja, na siku nisizokuwa na vipindi nilifuatana nao vichochoroni kati ya marobota ya nguo, nikiwa mdomo wao na masikio yao.

Kazi ile ilikuwa na adabu zake. Laoban, yaani mwenye duka, akikuuliza mteja wako amekuja mara ya ngapi, humgeukii mteja. Unajibu mwenyewe, papo hapo: hii ni mara ya kumi. Akiuliza kama ana mahali pengine anapochukulia mzigo, unajibu kwamba anapo, tena ni mtaa wa pili tu. Akiuliza kama ana haraka ya kurudi kwao, hana. Ana mwezi mzima wa kutembea. Mteja mwenyewe, ambaye ndege yake ni kesho kutwa, anasimama pembeni akitabasamu bila kujua umempa maisha gani. Sokoni ukionyesha kidonda, hupewi dawa, unauziwa chumvi. Neno nililolitumia kuliko yote lilikuwa meiyou, "hakuna". Tatizo? Meiyou. Wasiwasi? Meiyou. Nililitamka kwa wepesi wa mtu anayefukuza nzi.

Ninaanza na haya kwa sababu sina maelezo mengine ya yaliyofuata.

Shangazi yangu, kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa baba yangu, alikuwa na duka la nguo Kariakoo na alikuja Guangzhou mara nne kwa mwaka kufuata jinzi. Mimi nimepewa jina la baba yake. Kwa hiyo tangu nikiwa nanyonya aliniita "baba", kwanza kwa utani wa kumchezea mtoto mchanga, kisha kwa mazoea, na mwisho, nilipoota ndevu, kwa heshima ambayo hatukujua ilituingia lini. Wasiolelewa hivyo watadhani ni jina la mapenzi tu. Kwetu lilikuwa na uzito. Mwanamke anayekuita baba humwulizi habari za mwili wake, hata awe anakucheka, hata awe amekubeba mgongoni.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwenye mwili wa kutosha na ulimi wa kutosha zaidi. Kila ilipofika alasiri alilegeza mikanda ya viatu vyake na kuukaza mtandio kichwani kama anayezuia kitu kisipasuke. "Kichwa cha ndege," alisema. "Ndege imetua wiki iliyopita, kichwa bado kinatafuta uwanja." Tulicheka. Ninaikumbuka ile mikanda ya viatu vizuri kuliko ninavyokumbuka sura ya uwanja wa ndege nilikompokea, maana niliiona kila siku ikiacha mifereji miguuni mwake, na nikaona kwamba viatu vya Kichina ni vyembamba.

Siku moja tulitoka Xintang, ambako alikuwa ameagiza jinzi za wanawake katika karakana ambayo maji yake machafu yalitiririka mlangoni yakiwa ya buluu. Alikuwa amemtania mwenye karakana bila kikomo. "Mwambie rangi yake yote imeishia mtaroni," aliniambia, "mimi ananiuzia kumbukumbu." Sikulitafsiri hilo, nilimwambia laoban kwamba mteja amevutiwa na kitambaa. Tukapanda gari dogo la abiria kurudi mjini, na tulipokwisha kukaa, akaushika mkono wangu.

"Baba."

"Naam, shangazi."

"Leo sikuiti kama mkalimani, wala sikuiti kama mtoto wa kaka yangu. Leo wewe ni redio. Redio haioni haya."

"Redio pia haichagui kituo, shangazi."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Sasa nyamaza usikilize."

Akanisimulia, macho yake yakiwa dirishani, jambo ambalo nyumbani lilizungumzwa kwa mafumbo tu. Alipokuwa akimzaa mtoto wake wa tano alianguka kifafa cha mimba. Alizinduka siku ya pili, akaonyeshwa mtoto, akauliza ni wa nani. Daktari alimwita mumewe akamwambia waziwazi kwamba mimba nyingine itamzika mkewe. "Alilia," alisema shangazi. "Alilia kweli, usimdhulumu. Fundi saa mzima, ameegemea ukuta wa hospitali analia kama aliyeibiwa. Lakini machozi yalipokauka akasema, daktari si Mungu."

Alikwenda kliniki ya uzazi wa mpango peke yake. Muuguzi alimwambia arudi na mumewe, waandikiwe pamoja. "Nikamwambia mume wangu anatengeneza saa, hana saa. Akacheka, nikacheka, nikarudi kama nilivyokwenda." Tangu siku hiyo, kila mwezi alihesabu siku zake kwa hofu, na kila walipolala aliyafikiria yale masaa ambayo hakujua mtoto aliyemzaa ni wa nani. Mfanyabiashara mwenzake wa Mombasa ndiye aliyemnong'oneza kwamba huku Uchina kuna vidonge vya kumeza kimoja tu kwa mwezi, na kwamba hakuna anayekuuliza cheti. Unaingia dukani, unamweleza aliyevaa koti jeupe, unapewa.

"Kimoja kwa mwezi," alirudia, akiinua kidole. "Vya kila siku haviwezekani. Mama mkwe wangu anajua idadi ya punje za mchele ndani ya nyumba yangu."

Nilitazama viatu vyangu. Nilisema, "Sawa, shangazi."

Duka la dawa lilikuwa uchochoro wa pili nyuma ya Tianxiu Dasha, lile jengo refu ambamo wakala wetu wa makontena alikuwa na chumba. Upande mmoja kulikuwa na ukuta mzima wa droo ndogo za mbao zilizojaa mizizi na magome, na harufu yake ilikukamata koo kabla hujavuka kizingiti. Upande wa pili kulikuwa na kaunta ya vioo yenye dawa za hospitali, na nyuma yake alisimama mfamasia, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Juu ya kaunta kulikuwa na ubao wa shanga wa kuhesabia, kalamu iliyofungwa kamba ili isiibiwe, na mashine ya kupimia presha, ya zebaki, ndani ya sanduku lake lililofunguliwa.

Nilimweleza haja yetu kwa sauti ya chini, kwa maneno ya kitabuni, nikiepuka kumtazama shangazi. Mfamasia hakushtuka wala hakutabasamu. Alimtazama shangazi, si mimi, kwa muda ambao sikuuzoea. Wenye maduka wote walinitazama mimi. Kisha akatoa visanduku viwili akaviweka juu ya kioo: cha manjano kushoto, cha kijani kulia.

Alieleza kwa taratibu, kama mwalimu. Cha manjano humezwa kimoja kwa mwezi. Kina nguvu, na mwenye presha hapewi. Cha kijani humezwa kila siku mke na mume wanapokuwa pamoja. Ni kazi zaidi kukumbuka, lakini ni afadhali kwa ambaye damu yake haikutulia. Akakifungua kile cha kijani, akatoa karatasi ya vidonge anionyeshe jinsi ilivyo ndogo, yaweza kukaa ndani ya pochi. Halafu akauliza maswali. Je, mama huyu ana presha? Kichwa humuuma mara kwa mara? Miguu yake huvimba? Katika kuzaa kwake, alipata matatizo yoyote?

"Meiyou," nilisema.

Mfamasia aliiinua miwani yake akaivaa. "Sikuulizi wewe," alisema. "Muulize yeye."

Nimeirudia dakika ile mara nyingi hata siwezi kuiamini tena. Ninachojua ni hiki. Swali la nne jibu lake nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisikia ndani ya gari saa moja tu iliyopita. Nilijua pia kwamba shangazi alitaka cha manjano. Mbele yangu nilimwona laoban anayetafuta sababu ya kuuzuia mzigo, na kazi yangu, kazi niliyosifiwa kwayo kuanzia Shahe hadi Xintang, ilikuwa kumnyima sababu hiyo. Juu ya hayo kulikuwa na aibu. Ningefungua vipi kinywa changu, mimi ninayebeba jina la baba yake, nimuulize juu ya kuvimba kwake na kuzaa kwake, katikati ya duka la watu?

Nikamgeukia. "Shangazi," nikasema kwa Kiswahili, "unataka vya miezi mingapi?"

"Vya miezi mitatu. Nikirudi nitachukua vingine. Kwani anasemaje?"

"Anasema hakuna tatizo."

Shangazi akamtazama mfamasia, akacheka kwa furaha, akatikisa kichwa kukubali. Nami nikamgeukia mfamasia nikamwambia: amesema hana lolote kati ya hayo, hajawahi.

Mfamasia alisita. Mkono wake ulikwenda kwenye ile mashine, ukakigusa kitambaa cha kufunga mkononi. Alisema kwamba kupima ni dakika mbili, bila malipo. Nilimjibu kwamba tuna haraka, kuna gari linatusubiri. Hakukuwa na gari. Mkono wake ukarudi. Akaandika kikaratasi, tukaenda nacho dirisha la malipo kikapigwa muhuri, tukarudi nacho, tukapewa kisanduku cha manjano. Cha kijani alikirudisha rafuni bila kukifunga vizuri.

Huko nje shangazi alisimama katikati ya uchochoro, baiskeli zikimkwepa huku na huku, akafumba macho.

"Nimezaa watoto watano," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameniuzia kitu bila kuniuliza mume wangu yuko wapi."

Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Lazima niseme pia, kwa haki ya yule mfamasia na ya vile vidonge, kwamba miaka miwili iliyofuata shangazi aliishi. Sijui neno jingine. Alinenepa kwa raha, akafungua duka la pili, akarudi Guangzhou kila msimu akiwa na vichekesho vipya juu ya mama mkwe wake. Vidonge alivificha ndani ya jinzi ya sampuli iliyotundikwa ukutani dukani kwake, katika ule mfuko mdogo ulioshonwa ndani ya mfuko mkubwa, ambao haujawahi kuwa na kazi inayojulikana. "Sasa nimejua kazi yake," aliniambia. Wateja wakiiulizia bei jinzi ile, alisema imeshauzwa, mwenyewe yuko safarini. Alipokuja Guangzhou alikwenda duka la dawa peke yake, kisanduku kitupu mkononi, akakiweka juu ya kioo, na mfamasia akampa kingine. Hawakuwa na lugha ya kusemezana. Nilisikia kwamba siku moja alimpelekea khanga, na mfamasia akajitanda palepale, juu ya koti jeupe, wafanyakazi wenzake wakapiga makofi.

Kichwa cha ndege hakikumwacha. Nilimletea vidonge vya kutuliza maumivu.

Simu ilikuja asubuhi moja kabla ya vipindi. Mlinzi wa bweni aliniita kwa sauti iliyosikika ghorofa zote, na katika kile kibanda chake kidogo chenye birika la chai nilisikia sauti ya baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kupiga simu.

"Shangazi yako ameanguka dukani. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote hauna habari, na maneno hayatoki."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema hospitali, tangu jana.

"Daktari anauliza alikuwa anatumia dawa gani. Shemeji yako... yaani mumewe, anasema hatumii dawa yoyote. Lakini wewe unakuwa naye huko. Kuna dawa alikuwa anatumia?"

Mlinzi alikuwa akinitazama huku akipuliza chai yake. Nilimfikiria yule fundi saa amesimama nyuma ya baba yangu, akisikiliza. Niliifikiria ile jinzi ukutani.

"Hakuna," nilisema.

Sikwenda darasani. Nilitembea hadi Xiaobei, mtaa wa Tianxiu Dasha, kwa miguu, mwendo wa saa nzima, nikijiambia kwamba nimeilinda siri ya mwanamke aliyeniamini, na kwamba hiyo ndiyo maana ya kuaminiwa. Nilipofika duka la dawa mfamasia alinitambua. Alitazama nyuma yangu, akimtafuta shangazi.

Nilimwambia. Kwa mara ya kwanza tangu nijifunze lugha ile, nilisema kila kitu kama kilivyokuwa: kifafa cha mimba, kichwa cha ndege, mikanda ya viatu, swali nililolibadilisha. Nilisema mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingojea mizizi yao. Hakunikaripia. Nilitamani anikaripie. Alisema, polepole, kama anayezungumza na mgonjwa:

"Ilikuwa dakika mbili."

Halafu akauliza kama daktari wa kule anajua alichokuwa akimeza. Nilipojibu kwamba hajui, akavua miwani. "Basi unasimama hapa kufanya nini?" Akachukua ile kalamu ya kamba, akaandika majina ya dawa kwa herufi za Kilatini, vipimo vyake, na muda aliotumia, akanipa karatasi. Akanisukuma bega kuelekea mlangoni.

Niliituma kwa faksi hadi hospitali alikolazwa, kutoka chumba cha wakala wetu ndani ya Tianxiu Dasha, kisha nikampigia baba yangu huko huko. Alinisikiliza hadi mwisho. Sikusikia lawama kutoka kwake, wala siku hiyo wala siku nyingine yoyote hadi alipofariki. Aliuliza tu, "Sasa hii karatasi nimpe nani kwanza, daktari au mume?" Nikasema daktari. Akasema, "Mume yuko hapa ameushika mkono wangu, anaisoma tayari."

Sijui hadi leo kama vile vidonge ndivyo vilivyomwangusha. Daktari alisema huenda. Alisema pia kwamba presha kama ile, isiyotibiwa, ilikuwa ikimfuata tangu uzazi wa mwisho na ingeweza kumpata vyovyote. Nimesoma sana tangu wakati huo, kuliko inavyompasa mhandisi, na sijapata jibu. Nimebaki na neno "huenda", ambalo si hukumu wala si msamaha.

Siku hizi nikisikia watu wakibishana, redioni na misibani, kama wafamasia wapewe mamlaka ya kutoa vidonge vya uzazi wa mpango bila cheti cha daktari, nanyamaza. Wanaopinga husema mfamasia ni muuza duka. Wanaounga mkono husema mwanamke asizungushwe. Mimi namfikiria mwanamke mmoja nyuma ya kioo ambaye hakuhitaji cheti wala sahihi ya mume, na kwa sababu hiyo hasa aliuliza, na alipojibiwa na asiyeulizwa, akauliza tena. Mamlaka yake yote yalikuwa ndani ya yale maswali manne. Mimi ndiye niliyeyapora.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, baada ya kuhitimu. Shangazi alikuwa chumba cha mbele, kwenye kiti kilichowekwa mito pande zote, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichoazimwa. Mumewe alikuwa amefunga kibanda chake cha mjini na kuihamishia meza yake ya kazi pale pale, karibu na kiti cha mkewe, na saa za watu zilizokuwa zikisubiri kutengenezwa zililia ukutani kila moja kwa wakati wake. Nilijiandaa kwa ghadhabu yake. Alinikumbatia.

"Ile karatasi yako nilikasirika nayo siku tatu," aliniambia tulipokuwa mlangoni, sauti yake ikiwa chini. "Si kwa vidonge. Nilijiuliza, mimi ni mtu wa namna gani, mke wangu avuke bahari kwenda kutafuta wa kumwambia hofu yake? Siku ya nne nikaenda kumlisha uji." Akafuta mikono yake. "Mimi nilisikia maneno ya daktari, nikasema daktari si Mungu. Ni kweli, si Mungu. Lakini Mungu ndiye aliyemleta aniambie."

Adhana ya alasiri ikasikika, naye akaenda msikitini akatuacha wawili.

Maneno ya shangazi yalikuwa yamerudi, machache, yakitoka moja moja kama watu wanaopita mlango mwembamba. Alinitazama muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, lakini macho yalikuwa yale yale ya Shahe.

"Baba."

"Naam, shangazi."

"Yule mama. Wa miwani." Akapumzika. "Aliuliza mengi. Wewe ulijibu neno moja."

Kumbe aliona. Miaka yote ile alikuwa ameona.

"Aliuliza nini?"

Nikavuta kigoda nikakaa miguuni pake, na nikamtafsiria. Nilimwambia: aliuliza kama una presha. Akafikiri. "Walisema hospitali. Kidogo, walisema." Aliuliza kama kichwa kinakuuma mara kwa mara. "Kila siku." Aliuliza kama miguu inavimba. Akaitazama miguu yake, ambayo sasa haikuwa na viatu. "Ndiyo." Aliuliza kama ulipata matatizo katika kuzaa. Hilo hakulijibu, alinitazama tu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunijibu zamani, ndani ya gari la Xintang.

Nililia, na yeye aliniacha nilie. Saa za ukutani ziliendelea, kila moja na lake. Kisha mkono wake wa kushoto ukanitafuta kichwani.

"Ungeniuliza," alisema, "ningesema sina."

"Kwa nini, shangazi?"

"Angeninyima." Akavuta pumzi. "Si angeninyima?"

Ninaijua thamani ya kile alichokuwa akinipa. Alikuwa ameutafuta ule mlango kwa muda mrefu, peke yake, neno kwa neno, na sasa alikuwa ameufungua na kuniashiria nipite: kwamba hata ningeyatafsiri yote kama redio, asingekubali kusema kweli, kwa kuwa kweli ingemrudisha mikono mitupu. Iwapo ningeitikia, sote wawili tungekuwa tumefanya lililokuwa halina budi. Alingoja jibu langu, jicho lake moja likitiririka chozi ambalo halikuwa la huzuni, ni ule ugonjwa tu.

"Angekunyima, shangazi," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi, baba. Usijitese."

Mumewe aliporudi alitukuta tumekaa vivyo hivyo, akadhani mkewe amelala, akavua viatu ili asimwamshe. Shangazi aliishi miaka mitatu zaidi. Kila nilipokwenda kumwona aliniitia jambo lingine la kucheka, na hatukulizungumza tena lile duka. Alizikwa akiamini kwamba siku ile, juu ya kaunta ile, kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha kumfaa. Kilikuwepo cha pili, cha kijani, upande wa kulia, karibu na mashine ya presha, na mfamasia alikuwa amekwisha kukifungua.